Mawe Matano Kwenye Ngumi

"Mwanafunzi wangu akivunja sheria, mkono wa kwanza kuinuka utakuwa huu hapa," alisema Mwalimu Tak Yeonhui, akauinua, na kipaza sauti kikapiga mluzi hadi watoto wakaziba masikio.

Hakuna aliyemwuliza. Yalikuwa mashindano ya baduk ya watoto wa mji wa Yeongju, Korea, Februari ya mwaka jana, ndani ya ukumbi wa michezo wa shule ya msingi, na alichotumwa kutangaza kwenye kile kipaza sauti ni kwamba supu ya mchana iko tayari. Lakini saa moja kabla, akiwa mwamuzi, alikuwa amemkata alama mbili mtoto wa darasa la Mwalimu Gil, mpinzani wake, aliyekuwa amekalia mawe aliyoyateka kama kuku anayeatamia. Mtoto akalia mpaka akatapika juu ya ubao. Wazazi wakaanza kunong'ona kwamba jicho la Tak linaona vizuri sana watoto wa wenzake. Minong'ono hiyo ilimchoma, akala kiapo mbele ya watu mia mbili, na supu ikapoa.

Baduk ni mawe meusi na mawe meupe, na sheria zake ni chache kuliko za kuvuka barabara. Ukiyazingira mawe ya mwenzako unayatoa ubaoni, na hayo sasa ndiyo mateka. Mahali pake ni kwenye kifuniko cha bakuli lako, kimegeuzwa chali juu ya meza, mwenzako ayaone na ayahesabu. Mchezo ukiisha, kila jiwe lililotekwa linamkata aliyelipoteza alama moja. Kwa hiyo anayeficha mateka anamwachia mwenzake apige hesabu za uongo. Ukikutwa nayo mkononi, mfukoni au chini ya makalio, ni onyo na alama mbili; ukirudia, unatolewa mchezoni.

Mwalimu Tak alizijua adhabu kuliko alivyopenda. Baba yake alikuwa fundi wa treni pale Yeongju, akamfundisha baduk kwenye chumba cha mapumziko cha karakana, na alipofika miaka kumi akampeleka Seoul kwenye shule ya wanaojiandaa kuwa wachezaji wa kulipwa. Alikaa huko miaka minane. Mtihani wa kuingia ligi ya wakubwa aliufanya mara tatu, na mara ya tatu alikosa kwa mchezo mmoja tu. Sheria ilisema ukitimiza miaka kumi na minane, mlango unafungwa. Sheria haikumwuliza kama siku ile alikuwa na homa. Alikuwa nayo. Alipanga viatu vyake kwenye begi, akarudi nyumbani, akakaa miaka kadhaa akiuza tiketi za treni kwa uso wa mtu aliyechelewa treni, halafu akafungua darasa lake ghorofa ya pili, juu ya duka la keki za mchele. Sasa alikuwa na miaka arobaini na minne, mwaka wa kumi na tisa wa kufundisha, na hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyewahi kufika hata kwenye ule mlango.

Mpaka alipokuja Eo Sol.

Sol alikuwa na miaka saba, analelewa na bibi yake mwenye saluni ya nywele karibu na soko. Alicheza baduk kama mtu anayekumbuka, si kama mtu anayejifunza. Na alikuwa mtiifu kupita kiasi. Ukimwambia Sol asubiri hapa, rudi upesi, maana atasubiri. Siku moja Mwalimu Tak alimwambia, "Usiondoke kwenye ubao mpaka uone kosa lako," akashuka kununua betri. Muuza betri akawa na maneno mengi. Aliporudi baada ya saa nzima, wenzake wote walikuwa wameshakwenda kwao na Sol alikuwa bado ameukodolea macho ubao.

"Umeliona?"

"Nililiona zamani. Nilidhani kuna lingine, maana hukurudi."

Watoto wapya walipokuja, Mwalimu Tak aliwaeleza adhabu kwa mfano wa viatu. Pale mlangoni kila mtu anavua, viatu vinakaa kwenye rafu. Yeye alichukua kiatu kimoja cha Sol, akampa mwenyewe akifiche chini ya sweta, kisha akawaambia wengine wahesabu.

"Wangapi tumo humu ndani?"

"Kumi na mmoja," akasema mvulana mmoja wa miaka mitano baada ya kuhesabu jozi na kuona moja ni pungufu.

"Kumi na wawili, mjinga wewe, Sol yule pale," akasema dada yake.

"Usimwite mjinga. Yeye kahesabu sawasawa. Kosa ni la nani?"

"La Sol."

"La mwalimu," akasema mwingine. "Si wewe ndiye uliyempa?"

"Tuseme la Sol. Sasa huyu aliyehesabu vizuri akakosea, atalipwa na nani?"

Wakafikiri. Dada mtu akauliza, "Na kama hakuna aliyemwona akificha?"

"Hesabu inabaki ileile ya uongo."

"Na kama alisahau tu?"

"Hesabu haijui kusahau."

"Mwalimu, mimi viatu vyangu vinanuka. Hakuna atakayevificha chini ya sweta."

Hapo somo liliishia, maana kicheko cha watoto wa miaka mitano hakina breki. Lakini walielewa, na kwa mwaka mzima hakuna mtoto wa Tak aliyekatwa alama popote. Mwalimu Gil, mwenye darasa upande wa pili wa soko, alikuwa akimkumbusha kila walipokutana dukani. "Mkono bado uko chini, Mwalimu Tak? Usije ukaota kutu."

Jumatatu ya wiki ya mashindano ya mwaka huu, kipasha joto cha darasani kilikata roho. Ilikuwa baridi ile ya Yeongju inayopita kwenye dirisha lililofungwa kama vile ina ufunguo. Mawe ya baduk ni ya kioo kizito, na vidole vya watoto viligeuka rangi ya figili. Fundi alisema atakuja Jumanne, bila kusema ya mwezi gani. Mwalimu Tak akiwa na makoti mawili akawaambia watoto, "Basi, kukiwa na baridi hivi, mateka shikeni mkononi kwanza yapate joto, vidole visigande. Yakijaa ngumi ndipo muyaweke kwenye kifuniko."

Lilikuwa neno la kupitisha siku. Wengi hawakulifuata hata siku hiyohiyo, kwa sababu mikono yao ilikuwa makwapani. Fundi alikuja Alhamisi, chumba kikapata joto, na neno lile halikufutwa, kwa kuwa aliyelisema alikuwa ameshalisahau.

Jumamosi, ukumbi wa shule ulikuwa na vipasha joto viwili, na vyote vililielekea jukwaa walikokaa wageni waalikwa. Mshindi wa kundi la darasa la kwanza alikuwa anapata kitu kimoja tu cha maana, ukiacha kombe la plastiki: nafasi moja katika timu ya watoto ya mkoa. Kila Jumamosi kwenye mji wa Daegu, mchezaji wa kulipwa anawafundisha, bila malipo. Bibi yake Sol alikuwa ameshaulizia ratiba ya treni. Mwalimu Tak alikuwa ameiulizia kabla yake, bila kumwambia mtu.

Sol alishinda michezo minne. Kwenye fainali akakutana na Myeong Taegyeom wa darasa la Gil, mwenye miaka saba na mapengo mawili mbele. Waamuzi walikuwa wanne, wawili wako kwenye meza za madarasa ya juu, mmoja amekwenda kutuliza watoto waliorushiana vipande vya maboga makavu, na aliyebaki alikuwa Mwalimu Tak. Mzee Hyeon, mwamuzi mkuu, akamwuliza Mwalimu Gil kama ana pingamizi Tak akisimamia meza hiyo.

"Pingamizi la nini?" Gil akasema kwa sauti ya kusikiwa na safu tatu. "Si alisema mkono wake unainuka wenyewe?"

Wazazi wakacheka. Mwalimu Tak akafunga kitambaa cha uamuzi mkononi akakaa pembeni ya meza, upande wa kushoto wa Sol. Gil na wazazi walikuwa nyuma ya kamba, hatua kumi.

Mchezo ulikuwa mzuri mpaka ukaumiza. Sol alimtega Taegyeom kwenye kona, akala mawe matano kwa mpigo. Awali alikuwa ameshakula matatu, nayo yalikuwa kwenye kifuniko, yanang'aa. Mwalimu Tak alifumba macho kidogo, akapiga hesabu ya ubao mzima kama anavyofanya tangu chumba cha mapumziko cha karakana. Sol alikuwa mbele kwa alama moja na nusu, ile nusu ikitokana na fidia anayopewa mwenye mawe meupe ili kusiwe na sare. Akafumbua macho kutazama kifuniko.

Mawe matatu.

Akatazama chini ya meza. Ngumi ya kushoto ya Sol ilikuwa juu ya goti, imebana, na kati ya vidole kulichungulia kitu cheusi kinachong'aa. Sol alikuwa anayapasha mawe joto.

Hapo ndipo lile neno la Jumatatu lilipomrudia mwalimu, zima, na makoti yake mawili.

Aliona yeye peke yake. Kutoka kwenye kamba goti la Sol halionekani, na Taegyeom alikuwa anatazama ubao. Angeweza kukohoa. Sol anakijua kikohozi chake, angeinua macho, angefungua mkono. Lakini mwamuzi anayemkoholea mwanafunzi wake ni mwizi mwenye kitambaa cha uamuzi. Basi angoje. Mtoto si atayaweka mwenyewe yakipata joto? Yakijaa ngumi, aliwaambia. Ngumi yenyewe ni ndogo, mawe matano yamejaa, bado sekunde chache tu. Alihesabu sekunde. Sol akacheza. Taegyeom akacheza. Sol akacheza tena kwa mkono wa kulia, wa kushoto palepale. Mwalimu akajiambia mara moja zaidi. Akajiambia tena mara moja zaidi. Mgongoni jasho lilimtembea, katika ukumbi ambao watu walikuwa wanapuliza vidole.

Halafu Taegyeom akanyoosha kidole kuelekea kifuniko cha Sol, akahesabu kwa midomo. Moja, mbili, tatu. Akarudia. Akatazama ubao, akapumua kwa raha kama mtu aliyeona yuko mbele, akaacha pigo zuri alilokuwa nalo upande wa kulia, akacheza pigo la woga, la kulinda ushindi ambao hakuwa nao.

Mkono wa Mwalimu Tak ukainuka.

Haukuinuka wenyewe. Aliunyanyua kama ndoo.

Ukumbi ulikuwa na kelele za mawe kama mvua juu ya mabati, na kelele hizo zikakatika meza baada ya meza. Mzee Hyeon akaja na fomu yake.

"Kosa gani?"

"Mateka mkononi. Matano."

"Ya nani?"

"Eo Sol. Na kosa ni langu, mimi ndiye niliyewafundisha hivyo wiki hii, kwa sababu ya baridi."

Mzee Hyeon akaitazama fomu juu, akaitazama chini. "Hilo la pili halina pa kuandikwa," akasema. "Onyo na alama mbili."

Sol alikuwa amefungua mkono. Mawe matano yalikuwa juu ya kiganja, na kiganja kilikuwa na alama nyekundu za duara. Hakulia. Ingekuwa rahisi kama angelia.

"Mwalimu, kuna baridi," akasema.

"Najua."

"Ulisema kukiwa na baridi tushike."

"Nilisema."

"Basi nani kavunja sheria?"

"Mimi."

"Sasa mbona nakatwa mimi?"

Nyuma ya kamba kila mtu mzima akatazama viatu vyake. Mwalimu Tak akapiga magoti ili macho yao yalingane.

"Hata kile kiatu," Sol akaendelea, sauti imeanza kutetemeka kwa hasira. "Nilikificha kwa sababu ulinituma. Ukasema tuseme la Sol."

"Nilikosea kusema hivyo. Sol, mtazame Taegyeom."

"Sitaki."

"Mtazame. Taegyeom, kifuniko chake umekihesabu mara ngapi?"

Taegyeom akainua vidole viwili.

"Ukaona mangapi?"

"Matatu."

"Yalikuwa manane."

Taegyeom akahesabu kwa vidole chini ya meza, nane kutoa tatu, kisha uso wake ukabadilika. Akatazama pigo lake la woga pale ubaoni, midomo ikamcheza. "Kumbe ningecheza kule," akasema taratibu, akionyesha kulia.

"Umesikia?" mwalimu akamwambia Sol. "Yeye hakuwa darasani kwetu Jumatatu. Baridi yetu haijui. Alikuwa na kifuniko chako tu cha kutazama, akakiamini. Kosa ni langu, lakini hasara imemfika yeye. Zile alama mbili siendi nazo mimi nyumbani. Anapewa yeye."

Sol akamtazama Taegyeom sasa, kwa muda mrefu, kama anavyotazama ubao. "Kwa hiyo siadhibiwi," akasema. "Nalipa."

"Inauma vilevile."

"Najua inauma." Akayamimina mawe matano kwenye kifuniko, moja moja. "Na wewe unalipa nini?"

"Hilo tuzungumze mchezo ukiisha."

"Wataka kuendelea, mtoto, au unakubali kushindwa?" Mzee Hyeon akauliza.

"Nani kasema nimeshindwa?" Sol akajibu, na baadhi ya akina mama nyuma ya kamba wakakumbuka kupumua.

Mwalimu Tak alirudi kukaa. Hesabu ilikuwa imegeuka, Sol yuko nyuma kwa nusu alama, na nusu alama huwezi kuigawa wala kuiombea. Alihitaji kupata alama moja mahali fulani kabla ubao haujajaa. Pigo moja lilikuwepo, juu kulia, palepale Taegyeom alipopaacha. Mwalimu aliliona. Akahamishia macho dirishani haraka, asije akaliangalia kwa nguvu mtoto akafuata macho yake. Alitazama mti wa uani ambao hauna jani hata moja, akausoma tawi kwa tawi, akisikiliza jiwe la Sol likigonga mbao. Kwa mlio alijua limetua karibu. Halafu la Taegyeom likagonga papo hapo, bila kusita, la mtu ambaye sasa anajua idadi kamili. Sol akajaribu mara tatu. Mara tatu akajibiwa sawasawa.

Wakamaliza. Wakayarudisha mateka ubaoni, wakapanga, Mzee Hyeon akahesabu kwa kidole, akahesabu tena kwa sababu watu wote walikuwa wanamtazama.

"Myeong Taegyeom, kwa nusu alama."

Sol akainamisha kichwa kumshukuru mwenzake, kama alivyofundishwa. Taegyeom akainamisha chake, akanyanyuka na kukimbia kwa mama yake bila hata kushangilia, kisha katikati ya njia akakumbuka kuwa ameshinda, akaruka.

Mwalimu Tak akafungua kitambaa cha uamuzi, akampa Mzee Hyeon. Mzee hakukipokea.

"Funga," akasema. "Kuna fainali ya darasa la tatu, na yule mwenzako bado anaokota maboga."

Mwalimu Gil alimkuta kwenye birika la chai ya shayiri. Mwalimu Tak alikaza shingo kungoja kejeli.

"Mkono umeinuka," Gil akasema, akijimiminia.

"Umeinuka."

"Ulichelewa. Goti silioni, lakini uso wako nausoma hata nikiwa stesheni. Dakika nne."

"Nne na nusu," akasema Mwalimu Tak.

Gil akanywa chai yake yote. Hakuongeza neno, wala hakuondoka mpaka Mwalimu Tak naye amemaliza yake.

Bibi yake Sol yeye aliongeza maneno. Alikuwa amekuja na aproni ya saluni chini ya koti na kopo la dawa ya nywele bado mfukoni. "Mwalimu, mimi nimeona mengi," akasema. "Watu wanaiba kwa ajili ya wajukuu wao hata nafasi kwenye foleni ya choo. Wewe una mtoto mmoja wa maana, unamkata mwenyewe. Ratiba ya treni niliyoiandika nikaifungie nini, kabichi ya kimchi?"

"Nisamehe, bibi. Kama unataka kumhamisha, kwa Mwalimu Gil wanafundisha vizuri. Nitakuandikia barua mwenyewe."

"Sijasema kuhamisha. Nimesema nina hasira. Huyo hapo ana mdomo, mwulize yeye. Mimi nina kichwa cha mtu kwenye dawa, kikiungua hiyo itakuwa ya kwako pia." Akaondoka upesi upesi, kopo likigonga mfukoni.

Wakabaki wawili kwenye ngazi za ukumbi. Theluji ilikuwa haijaamua kama inyeshe. Sol alikuwa ametia mikono yote miwili mifukoni, mpaka kwenye vifundo vya mikono, na uso umefungwa kama duka siku ya sikukuu. Mwalimu Tak alitamani kumwambia kwamba mwaka ujao mashindano yapo. Alijizuia. Yeye mwenyewe aliambiwa hivyo akiwa na miaka kumi na sita, tena akiwa na kumi na saba.

"Uliona saa ngapi?" Sol akauliza.

"Nini?"

"Mkono wangu."

Angeweza kusema aliona dakika ileile alipoinua mkono. Hakuna ambaye angembishia, Gil alikuwa ndani. "Mapema," akasema. "Nikakaa nikingoja uyaweke mwenyewe. Dakika nne na nusu. Ningesema mara moja, Taegyeom asingecheza lile pigo, na ungekatwa vilevile, lakini ningekuwa nimesema kweli muda wote."

"Kwa hiyo ni makosa mawili."

"Mawili."

"Ukirudia unatolewa kwenye mchezo."

"Ndiyo sheria."

Sol akafikiri. Alifikiri kiasi kwamba watu watatu walipita kati yao wakiagana. Mwalimu Tak alisimama akingoja hukumu ya mtu mwenye kimo cha kiuno chake, na moyo ulimdunda kama siku ile ya homa.

"Utaninunulia andazi la mvuke lile lenye maharage mekundu," Sol akasema hatimaye. "Halafu wewe hutakula. Utasimama unione nikila mpaka nimalize, na kama una njaa useme una njaa, usidanganye."

"Nina njaa tangu asubuhi."

"Nimeona, ndiyo maana." Akaanza kushuka ngazi. Kwenye ngazi ya mwisho akageuka. "Na Jumatatu uwaambie wote. Si mimi nikawaambie."

"Nitawaambia."

"Nitakuwepo. Nitasikiliza kama umezitaja na zile dakika."

Wakaenda mpaka duka la pembeni ya shule, ambapo mwenye duka alifungua kabati la kioo na mvuke ukamjaa usoni. Andazi moja lilikuwa won elfu moja na mia sita; Mwalimu Tak akalipia moja tu, akasimama, akasema ana njaa.